Sarafu za watawala wa siku chache: kutoka Roma mpaka Kasongo na Kabambare

Katika nyumba nyingi za kusini mwa Maniema kuna kijikopo au kitambaa kilichofungwa chenye pesa za chuma za zamani. Zingine zina tundu katikati, zingine zina tembo, zingine zina msalaba. Watoto wanazichezea, wahunzi wanazitafuta kwa ajili ya shaba, na mara kwa mara mpita njia anafika akisema anazinunua kwa bei ndogo. Wachimba dhahabu nao wanaweza kuzifukua wakati wanatafuta kitu kingine.

Makala haya yanaeleza pesa hizo ni nini, hasa zile za watawala na serikali ambazo hazikudumu. Yanaeleza pia namna ya kuzitambua, namna ya kuzitunza, na mambo ya kuangalia kabla mtu hajaziuza.

Kwa ufupi

Sarafu ya mtawala wa muda mfupi inapendwa na wakusanyaji wa dunia nzima kwa sababu mbili. Kwanza, zilipigwa chache. Pili, mara zingine sarafu ndiyo alama pekee iliyobaki ya mtu yule. Lakini si kila sarafu ya serikali fupi ina bei kubwa, na si kila sarafu ya zamani ni ya kweli.

Roma: mtawala mpya, sarafu mpya

Desturi ya kukusanya sarafu za watawala wa siku chache imetokea zaidi kwenye sarafu za Roma ya kale. Wakati ule hakukuwa na redio wala gazeti. Jenerali aliyeshika madaraka alikuwa na njia moja ya haraka ya kuwajulisha watu kwamba sasa ni yeye: kupiga pesa yenye kichwa chake na jina lake, kisha kuwalipa askari kwa pesa hiyo. Sarafu ilitembea toka mkono hadi mkono, na habari ikatembea nayo.

Kati ya mwaka 235 na 284, Roma ilipata watawala zaidi ya 20 waliotambuliwa, bila kuhesabu waasi waliojitangaza wenyewe. Mwaka 238 peke yake ulikuwa na watawala sita. Wawili kati yao walianzia hapa Afrika: mzee Gordian na mtoto wake, waliotangazwa katika mji wa Thysdrus, ambao leo unaitwa El Djem, nchini Tunisia. Walitawala karibu wiki tatu tu. Mtoto aliuawa vitani karibu na Carthage, na baba akajiua. Hata hivyo Baraza la Roma lilikuwa limekwisha kuwakubali, na sarafu zao zikapigwa Roma kwenyewe. Jina la baba na la mtoto limeandikwa sawasawa. Wakusanyaji wanawatofautisha kwa kichwa: mtoto ana upara mbele, baba bado ana nywele.

Wengine wanajulikana kwa shida zaidi. Mtu aitwaye Silbannacus anajulikana kwa sarafu mbili tu. Hakuna mwandishi wa zamani aliyemtaja. Bila vipande vile viwili vya chuma, hakuna mtu leo angejua kwamba aliwahi kujiita mtawala.

Kisa cha Domitianus ndicho chenye fundisho kubwa. Mwaka 1900 sarafu yenye jina lake ilipatikana Ufaransa. Wataalamu wengi walisema ni ya uongo, na kwa miaka karibu mia moja haikupewa heshima. Mwaka 2003, huko Chalgrove nchini Uingereza, chungu chenye sarafu karibu 5,000 kilifukuliwa. Ndani yake, zikiwa zimeshikana kwa kutu, kulikuwa sarafu ya pili ya Domitianus, iliyopigwa kwa muhuri ule ule wa ya kwanza. Kumbe mtu yule alikuwa wa kweli. Kilicholeta ushahidi ni chungu kizima kilichofika kwa wataalamu bila kuvunjwa wala kugawanywa. Kama aliyekikuta angechagua zile nzuri na kutupa zingine, jibu lisingepatikana.

Kuna pia kesi ambayo haijaisha. Mwaka 1713, huko Transylvania, katika Romania ya leo, zilipatikana sarafu za dhahabu zenye jina Sponsian. Kwa muda mrefu zilihesabiwa za uongo. Mwaka 2022 watafiti walichunguza mikwaruzo na udongo uliobaki juu ya moja wakasema ni za kweli. Wataalamu wengine wamekataa, na mjadala unaendelea.

Afrika Mashariki: wafalme wanaojulikana kwa sarafu tu

Mambo hayo si ya Ulaya peke yake. Ufalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, ulianza kupiga sarafu zake mwishoni mwa karne ya tatu, katika utawala wa mfalme Endubis. Wafalme kadhaa waliomfuata hawajulikani kwa maandishi mengine yoyote, majina yao yamebaki juu ya sarafu tu.

Kwenye pwani ya Waswahili, masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba. Jina la sultani upande mmoja linaenda kwa kina na maneno ya upande wa pili, kama beti fupi. Sarafu hizo zilisafiri mbali sana. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Waholanzi. Zilifikaje kule, watu wanabishana hadi leo.

Zanzibar, iliyokuwa na uhusiano mkubwa na Maniema, ina mfano wake. Sultani Barghash alipiga pesa za shaba zenye picha ya mizani, zenye mwaka wa Kiislamu 1299, ndiyo 1881 au 1882. Sultani Ali bin Hamud alitoa senti zenye picha ya mnazi mwaka 1908. Hazikuenea sana, na leo zinatafutwa.

Lakini mtawala wa siku chache kuliko wote Zanzibar, Khalid bin Barghash, hakuacha sarafu. Alishika kasri tarehe 25 mwezi wa nane 1896. Tarehe 27 manowari za Waingereza zikapiga kasri hilo kwa mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Khalid akakimbilia kwa Wajerumani. Basi mtu akileta sarafu na kusema ni ya Khalid, jibu ni fupi: siku mbili hazitoshi kupiga pesa, na sarafu hiyo si ya kweli.

Kasongo: mji mkubwa bila sarafu yake

Wengi wanauliza kama Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa makao yake toka miaka ya 1870, alipiga pesa zake. Hapana. Hamed bin Muhammed, ndiyo jina lake, alitawala eneo kubwa kwa bunduki, kwa mikataba na machifu, na kwa biashara ya pembe na watumwa. Biashara ilienda kwa nguo, shanga, simbi, waya za shaba, mbuzi, na kwa aibu ya wakati ule, kwa watu. Kutoka upande wa kusini ilifika misalaba ya shaba ya Katanga, iliyoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu za udongo au mchanga. Misalaba hiyo ilikuwa mali ya mahari na ya biashara mamia ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kufika.

Pesa ya chuma iliyoonekana kwa wafanyabiashara wa pwani ilikuwa zaidi riali yenye kichwa cha malkia Maria Theresa wa Austria. Pesa hiyo ina jambo la kukumbuka: zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zile zilizopigwa miaka mia moja au mia mbili nyuma ya hapo. Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu hausemi kila mara ukweli wa mwaka iliyotengenezwa.

Tarehe 22 mwezi wa nne 1893, jeshi la Leopold II chini ya Dhanis liliingia Kasongo. Kabambare, ngome ya Rumaliza, ilichukuliwa mwezi wa kwanza 1894. Toka hapo pesa ya Bula Matari ikaanza kuingia kidogo kidogo, na kodi ikaja kuilazimisha kufika hata katika vijiji vya mbali.

Pesa zinazoweza kukutwa kusini mwa Maniema

Pesa za Leopold II, 1887 hadi 1908. Za kwanza ni za shaba, zina tundu katikati na nyota kubwa, na maneno ya Kifaransa yanayotaja Dola Huru la Kongo. Za fedha zina kichwa cha Leopold mwenye ndevu ndefu. Nchi nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja ambaye hakukanyaga hapa hata siku moja. Watu walikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira wakati pesa hizi zinatumika. Ndiyo maana ni ushuhuda, si mapambo tu.

Pesa za mwaka 1909. Hizi ndizo zinazofanana zaidi na zile za Roma. Ubelgiji ulichukua Kongo mikononi mwa Leopold tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 1908. Leopold akafa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1909. Kwa hiyo pesa zenye herufi za Leopold pamoja na jina la Kongo ya Wabelgiji ni za mwaka mmoja tu: senti 5, 10 na 20, zenye tundu katikati. Mwenye kukuta tundu, herufi L mbili na mwaka 1909 asiitoe haraka.

Pesa za Tabora, 1916. Vita vya kwanza vya dunia vilipofunga bahari, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikosa pesa. Wakazipiga wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Walitoa heller 5 na heller 20 za shaba au shaba ya njano, zilizopigwa vibaya vibaya, zenye herufi T. Za heller 20 zilipita milioni moja. Walitoa pia rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo mbele ya mlima, zaidi kidogo ya 16,000 tu. Tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji likaingia Tabora, na kazi ya kupiga pesa hizo ikaisha. Askari na wapagazi wengi wa vita vile walitoka mashariki mwa Kongo. Kwa sababu hiyo sarafu ya Tabora ndani ya sanduku la familia ya Maniema si ajabu: inaweza kuwa kumbukumbu ya mtu aliyebeba mzigo hadi kule akarudi. Ile ya shaba haina bei kubwa sana. Ile ya dhahabu ina bei kubwa, na ndiyo inayoigwa na wadanganyifu.

Falanga mbili za pembe sita, 1943. Ubelgiji ulikuwa chini ya Wajerumani, hivyo pesa za Kongo zilipigwa Philadelphia, Marekani. Ina tembo na ina pembe sita. Watu wengi wanadhani ni medali.

Pesa za Katanga, 1961. Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi tarehe 11 mwezi wa saba 1960, na mambo yakaisha mwezi wa kwanza 1963. Kongolo, jirani wa Kasongo upande wa kusini, ilikuwa ndani ya eneo alilolidai. Sarafu za falanga 1 na falanga 5 zina mkungu wa ndizi upande mmoja, na upande mwingine msalaba wa shaba wa zamani. Serikali mpya kabisa ilichukua alama ya mababu ili ionekane ina mizizi, kama vile waasi wa Roma walivyochora miungu ya zamani. Zilipigwa nyingi, hivyo bei yake ni ya kawaida. Ni zile chache za dhahabu tu zenye thamani kubwa.

Sengi na makuta, 1967. Serikali ya Mobutu ilibadilisha falanga kuwa zaire: zaire 1 kwa falanga 1,000. Sengi 10 ina chui. Sarafu hizi bado zinasema Kongo, sababu jina la Zaire kwa nchi lilikuja mwezi wa kumi 1971. Pesa yenyewe imekufa, lakini neno lake linaishi: mpaka leo mtu asiye na pesa anasema hana makuta.

Watawala waliopita bila kuacha chuma

Wakati wa Mulele, mwaka 1964, Kasongo na Kabambare zilikuwa mikononi mwa Simba. Tarehe 5 mwezi wa tisa mwaka ule Christophe Gbenye alitangazwa Kisangani kuwa mkubwa wa serikali mpya. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mji ule ukachukuliwa. Chini ya miezi mitatu. Serikali ile ilitumia pesa iliyokuta benki na mifukoni mwa watu, haikupiga yake. Mtu akileta sarafu ya serikali ya Simba, ajulishwe kwamba haimo katika orodha yoyote ya wataalamu.

Upande huu ndio unaowagusa wakaaji zaidi. Watawala wa muda mfupi wanatoka, lakini pesa ikifa, hasara inabaki kwa aliye mbali na benki. Krismasi ya mwaka 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa kwa tangazo moja, na watu wakapewa siku chache na kiwango cha kubadilisha. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Tarehe 30 mwezi wa sita 1998 zaire mpya 100,000 zikawa falanga 1. Mkulima wa kijiji cha Kabambare aliyeweka akiba ya mpunga ndani ya debe alibaki na karatasi. Ndiyo maana katika masanduku mengi pesa za zamani hazikutunzwa kwa kupenda historia. Zilibaki tu kwa sababu hazikuweza tena kununua kitu.

Namna ya kutambua za uongo

Kwanza, sumaku. Shaba, fedha na dhahabu hazivutwi na sumaku. Sarafu inayosemwa ni ya dhahabu lakini inashika sumaku ni chuma kilichopakwa rangi.

Pili, pembeni. Sarafu iliyopigwa kwa muhuri haina mshono pembeni. Ukiona mstari unaozunguka katikati ya unene wake, iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Misalaba ya shaba ni tofauti, hiyo kwa kawaida yake ilimiminwa.

Tatu, uzito. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu inatosha. Sarafu mbili za aina moja zikitofautiana sana, moja ina tatizo.

Nne, hadithi. Hakuna njia ya biashara inayojulikana iliyoleta sarafu za Roma hadi Lualaba. Anayeuza kichwa cha mfalme wa Roma akisema kimechimbwa Kabambare anatakiwa kuonyesha shimo, na waliokuwepo.

Tano, pesa zinazong'aa zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na picha za meli, wanyama au watu wakubwa wa dunia. Nyingi zilitengenezwa baada ya 1997 kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo. Hazikuwahi kutumika sokoni.

Namna ya kutunza

Usisugue. Ndimu, majivu, mchanga na dawa ya meno vinaondoa ngozi ya juu ya sarafu, na thamani inaondoka pamoja nayo. Kutu la kijani kwenye shaba ya zamani ni sehemu ya ushahidi. Iweke pakavu, kila moja ndani ya karatasi yake.

Ukikuta nyingi pamoja, usizitenganishe. Zikiwa ndani ya chungu, chungu nacho kitunzwe, hata kikivunjika. Andika siku, mahali, kina cha shimo na vitu vingine vilivyokuwa karibu. Piga picha pande zote mbili, ukiweka rula pembeni. Kwa za familia, muulize mzee zilikotoka, uandike jibu lake angali hai. Sarafu ya Tabora yenye jina la aliyekuja nayo ni historia ya Kasongo. Bila jina hilo ni kipande cha shaba kama vingine elfu.

Sheria inasema nini

Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inalinda mali ya utamaduni wa nchi, na inagusa pia vitu vya kale vinavyofukuliwa. Kuvivusha mpakani bila ruhusa kunaweza kuleta kesi. Anayekuta chungu au kaburi lenye vitu vya zamani aende kwa chifu na ofisi ya utamaduni ya territoire. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1970, ndiyo yenye kazi ya kuvihifadhi.

Pesa za kawaida za familia, kama falanga za Katanga au makuta, ni mali ya familia. Lakini kabla ya kuuza, ni vizuri kuonyesha picha yake kwa watu wawili au watatu wanaojua, na kutokubali bei ya mtu wa kwanza anayesema ana haraka. Domitianus alisubiri miaka mia moja ili aaminiwe. Sarafu iliyokaa miaka sitini chini ya kitanda inaweza kusubiri wiki moja zaidi.